Shemeji, Hiyo Bastola ya Dubu Ngoja Kwanza

Mdogo wangu uliyeniandikia kutoka Missoula, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nacheka. Nimecheka pale uliposema shemeji amepata leseni ya kuwinda elki, amenunua viatu, kisu na fulana ya rangi ya chungwa, na sasa jicho limeangukia bastola kubwa kuliko zote dukani, kaliba ya .500, na kila Jumamosi anapita kuishika na kuipima mkononi kama mtu anayechagua tikiti maji. Unauliza mambo matatu. Bunduki ya kuwindia anayo, bastola ya nini tena? Kama ni lazima, achukue ipi? Na ile spre ya dubu, ambayo wenzake kazini wanasema ni kitu cha watalii, ina kazi gani?

Nitajibu yote, ila si kwa mpangilio huo. Na nimeamua kukujibu hapa mbele za watu kwa sababu hauko peke yako. Tangu 2016 familia nyingi za Wakongo zimehamia Missoula, nyingine ziko Boise, nyingine zimepanda mpaka Alaska, na wengi wamekulia mahali ambapo nyama ya porini ni chakula cha kawaida. Elki mmoja mkubwa anaweza kutoa karibu kilo 90 za nyama tupu, bila mfupa. Hicho ni kitoweo cha miezi. Simlaumu mtu anayeamka saa tisa usiku kumfuata.

Tuanze na huyo dubu mwenyewe. Montana kuna dubu wa aina mbili, na mtu anayekwambia "dubu ni dubu" mpishe. Dubu mweusi yuko karibu kila msitu, na mara nyingi akikusikia anaondoka. Usimpime kwa rangi, maana wapo dubu weusi wenye manyoya ya kahawia. Anayewanyima watu usingizi ni grizi. Huyo ana nundu mabegani, uso uliobonyea katikati na kucha ndefu za mbele. Makao yake makubwa ni milima inayozunguka hifadhi ya Yellowstone upande wa kusini, na ile inayozunguka hifadhi ya Glacier kaskazini, lakini miaka ya karibuni amekuwa akitanuka na kuonekana kwenye mabonde ambako wazee wa hapo hawakumzoea. Kwa hiyo swali la kwanza la shemeji lisiwe "bastola ipi". Awapigie simu maofisa wa wanyamapori wa jimbo, awatajie mlima anaokwenda, awaulize kama kuna grizi. Simu ni bure. Bastola ile ya .500 inapita dola elfu moja kabla hata hujanunua risasi.

Sasa, je, bunduki ya kuwindia haitoshi? Ukiwa unatembea nayo mkononi, inatosha, tena ina nguvu kuliko karibu bastola zote. Shida ni kwamba hatari kubwa ya grizi kwa mwindaji haiji wakati bunduki iko mkononi. Inakuja baadaye. Elki ameshaanguka, bunduki imeegemezwa kwenye mti, shanta liko chini, mwenzako ameshika mguu wa mnyama, na wewe umepiga magoti, mikono imezama mpaka viwiko ndani ya tumbo, damu imejaa vidoleni, kichwa kimeinama. Harufu ya matumbo imeshachukuliwa na upepo. Ni vuli, na vuli dubu anakula kwa pupa kujaza mafuta kabla hajaingia pangoni kulala majira ya baridi. Mwindaji naye amefika hapo kimyakimya, amejipaka dawa ya kuondoa harufu ya mwili, amevaa nguo za rangi ya majani, pengine amepuliza filimbi ya kuiga sauti ya elki. Kila tulichofundishwa kufanya ili dubu asishtuke, mwindaji anafanya kinyume chake, na hawezi kuwinda bila kufanya hivyo.

Mwezi Septemba 2018, huko Wyoming kusini mwa Yellowstone, mwongoza wawindaji mmoja na mteja wake walikuwa wanapasua elki aliyekuwa amepigwa mshale siku iliyotangulia. Grizi jike akiwa na mtoto wake mkubwa akawatokea mbio. Bastola ilikuwepo. Ilikuwa ya milimita 10, chaguo zuri kabisa ukiniuliza mimi. Lakini ilikuwa imewekwa kando pamoja na mizigo, hatua kadhaa kutoka pale walipokuwa wanafanya kazi. Mteja aliifikia, akashindwa kuitumia, akamrushia mwongozaji, haikumfikia. Kopo la spre lilikuwa kiunoni mwa mwongozaji na uchunguzi ulionesha kwamba lilitumika. Bado alifariki.

Nalitaja tukio hilo kwa sababu linamnyamazisha kila mwenye jibu jepesi. Waliokuwa pale hawakukosa silaha. Walikosa sekunde. Grizi anakimbia kama kilomita 56 kwa saa. Akitokea kwenye kichaka mita 30 mbele yako, una sekunde mbili kumuona, kuamini unachokiona, kupeleka mkono kwenye silaha, kuichomoa na kuitumia. Kila nitakachosema kuanzia hapa kuhusu bastola, kaliba na risasi kinapimwa kwa hizo sekunde mbili. Shemeji akikuonesha video ya bastola inayopasua tofali, muulize imetoka kwenye mfuko wake kwa muda gani.

Tuje kwenye spre, maana hapo najua kuna ubishi nyumbani kwako. Hicho kitu kimezaliwa hukohuko Montana, kwenye miaka ya 1980, na utafiti wa mwanzo ulitokana na chuo kikuu kilicho mjini mwenu. Si kitu cha watalii. Ndani ya kopo kuna ile kemikali ya pilipili inayowasha, kwa kiwango cha asilimia 1 hadi 2, na inatoka kama wingu la rangi ya machungwa. Tom Smith na Stephen Herrero, watu waliotumia maisha yao kusoma mashambulizi ya dubu, walichapisha mwaka 2008 uchambuzi wa matukio ya Alaska ambako spre ilitumika. Kwa dubu wa kahawia, ambao grizi ni mmoja wao, ilimzuia dubu kwa asilimia 92. Katika watu waliokuwa na spre kwenye matukio ya karibu, asilimia 98 hawakuguswa. Miaka minne baadaye walichapisha uchambuzi wa silaha za moto: bastola zilifanikiwa kwa asilimia 84, bunduki ndefu 76.

Kabla shemeji hajarusha mikono, nakubali hoja yake nusu. Namba hizo mbili haziwezi kuwekwa kwenye mizani moja kama vile zimepimwa pamoja. Baadhi ya matukio ya spre yalikuwa ya dubu mdadisi aliyekuja kunusa takataka, na ya bunduki yalichukua zaidi ya miaka mia, na watu hupeleka taarifa zaidi pale mambo yanapoharibika. Lakini lipo jambo moja kwenye ule utafiti wa bunduki ambalo mimi sijaweza kulipuuza: waliokuwa na silaha wakaifyatua, na waliokuwa nayo wasiifyatue, waliumia kwa kiwango kilekile. Na tazama pia kwamba bastola ilifanya vizuri kidogo kuliko bunduki ndefu, ingawa risasi yake ni dhaifu zaidi. Kwa nini? Watafiti wana maelezo yao. Langu ni kwamba bastola ilikuwa mwilini mwa mtu.

Basi nunua spre kwanza. Kopo moja ni kama dola 40 hadi 60, na muwe nalo kila mtu lake, siyo moja la familia. Lisiwe na chini ya gramu 225. Soma tarehe ya mwisho chini yake, kwa kawaida ni miaka mitatu au minne, kwa sababu presha huvuja polepole. Likae kiunoni au kifuani, kamwe lisikae ndani ya shanta. Unapuliza dubu akiwa kati ya mita 9 na 18, ukielekeza chini kidogo mbele yake ili aingie kwenye wingu. Usiku wa baridi kali liweke ndani ya mfuko wa kulalia, maana baridi inapunguza nguvu yake, na mchana wa joto usiliache kwenye gari lililofungwa vioo, linaweza kulipuka. Upepo ukija usoni kwako litakurudia na wewe, hilo ni kweli, ila kukohoa na kutoa machozi si sawa na meno. Na tafadhali, wadogo zangu, hii siyo dawa ya mbu. Wapo watu waliopulizia hema zao na nguo za watoto wakidhani dubu atanusa na kukimbia. Tom Smith huyohuyo alishaandika kwamba mabaki ya ile pilipili ardhini yanamvutia dubu, anakuja kujigaragaza.

Sasa bastola. Nasema achukue, kama anakwenda kwenye milima ya grizi, na kama yuko tayari kufanya mazoezi nitakayoyataja. Kama hayuko tayari, abaki na spre na aipumzishe pochi.

Ile ya .500 aisahau. Ilitoka mwaka 2003, na ni kweli hakuna dubu duniani anayeizidi nguvu. Lakini ina risasi tano tu, ina uzito wa zaidi ya kilo moja na nusu, na teke lake ni la kutisha. Nimeona wanaume wenye mabega mapana wakifyatua mara moja pale uwanja wa shabaha, wakatabasamu kwa ajili ya picha, kisha wakaiweka mezani taratibu na wasiishike tena siku hiyo. Mtu anayeogopa silaha yake anafumba macho kabla ya kuvuta triga, na mkono unashuka chini kabla risasi haijatoka. Risasi ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mtutu umeshaelekea mbinguni na mpaka uurudishe, dubu ameshafika. Na hapo ndipo watu wanaponunua vibaya: wanahesabu nguvu ya risasi moja, wakati kinachookoa ni risasi ya kwanza, ya pili na ya tatu kufika mahali pamoja.

Zipo njia mbili za heshima. Ya kwanza ni rivolva ya .44 Magnum, bastola ya silinda, risasi sita. Hii imekuwepo tangu katikati ya miaka ya 1950 na ndiyo iliyokuwa kiunoni mwa waongoza wawindaji wengi wa Alaska kwa miongo mingi. Uzuri wake ni kwamba haina mambo mengi. Risasi ikigoma, unavuta triga tena, silinda inazunguka, inakuja nyingine. Unaweza kuifyatua ikiwa imegandamizwa kwenye ubavu wa mnyama aliyekulalia, jambo ambalo bastola ya magazini inaweza kulikataa, kwa sababu ile sehemu ya juu ikisukumwa nyuma kidogo tu haifyatui. Ubaya wake ni teke, ingawa si kama la .500, na triga nzito. Mkono uliokufa ganzi kwa baridi ya Novemba unaipata taabu ile triga.

Ya pili ni bastola ya magazini ya milimita 10. Kaliba hii ilizaliwa mwaka 1983, ikadharauliwa kwa muda, na leo ndiyo wengi wanaoingia milima ya grizi wanayoichagua. Glock 20, kwa mfano, inabeba risasi 15 kwenye magazini, ni nyepesi kuliko rivolva nyingi za .44, na teke lake linavumilika na mtu wa kawaida. Askari wa Denmark wanaozunguka kaskazini mwa Greenland kwa sledi za mbwa, kikosi cha Sirius, wanaibeba kwa ajili ya dubu wa barafuni. Ina nguvu pungufu ya .44, sikatai. Lakini kwa mtu anayeanza, kama shemeji, nadhani ndiyo itakayompa risasi nyingi zilizofika panapotakiwa. Ina sharti moja: ishikwe kwa mkono imara. Ukiishika kwa kulegea, ganda la risasi linaweza kukwama. Ndiyo maana nasisitiza mazoezi kuliko kaliba.

Na wewe mdogo wangu? Uliandika kwa aibu, mwishoni kabisa, kwamba nawe ungependa kwenda. Nenda! Kama mikono yako ni midogo na mshiko wa ile ya milimita 10 unakujaa, jaribu rivolva ya .357 Magnum. Ni hatua moja chini ya .44 kwa nguvu, nami nisingeitafuta kwanza kwa grizi, ila mwenye kuipiga vizuri yuko salama kuliko mwenye kukosa shabaha kwa .44. Mwaka 2016 kule Alaska, mwongozaji mmoja mkongwe, aliyezoea kubeba .44, alimuua dubu wa kahawia aliyekuwa anawashambulia wateja wake wavuvi, kwa bastola ya milimita 9. Milimita 9! Sikuambii uifuate, yule alikuwa na miaka mingi ya kujua dubu anafikiria nini. Nakuambia utazame risasi alizokuwa ameweka ndani.

Na hili la risasi ndilo ambalo wauzaji wengi hawalisemi mpaka uulize. Risasi za kujilinda dhidi ya watu, zile zenye tundu kwenye ncha, zimetengenezwa zitanuke na kusimama haraka. Kwa dubu hilo ni kosa. Grizi ana manyoya, mafuta, misuli minene na mfupa mzito, na anakuja amekuelekea uso kwa uso. Unataka risasi inayokwenda ndani moja kwa moja bila kutanuka. Zinaitwa risasi za madini magumu yaliyomiminwa kwenye kalibu, nzito, zenye ncha bapa. Uzito wake unapimwa kwa greini, na gramu moja ni greini kama 15. Kwa milimita 10 tafuta za greini 200 au 220, kwa .44, kuanzia 240 mpaka zaidi ya 300. Boksi lake lina chache na bei yake inauma, kwa hiyo fanya mazoezi kwa risasi za kawaida na umalizie na hizi. Lakini lazima uzifyatue kiasi cha kutosha kujua kwamba silaha yako inazimeza bila kukwama. Kugundua mlimani ni kuchelewa.

Kuhusu mahali pa kuivaa sina mjadala: kifuani. Mfuko wa bastola wenye mikanda unaokaa katikati ya kifua, chini kidogo ya mikono ya shanta. Kiunoni, mkanda wa shanta unaifunika. Kwenye mguu inapigapiga unapopanda mlima. Ndani ya shanta ni sawa na kuiacha nyumbani. Kifuani inabaki na wewe ukiinama, ukipiga magoti kwenye elki, ukivua koti, hata ukiangushwa chali mkono unaifikia. Huo mfuko ufunike triga kabisa na uishike bastola hata ukiruka, na shemeji asiununue wa bei rahisi baada ya kumaliza hela kwenye bastola. Koti lake la baridi nalo alitazame: kama zipu inafunika bastola, amenunua pambo. Na spre inakaa upande wa mkono mwingine, palepale kila siku, ili mkono usitafute.

Mazoezi sasa. Kwanza akafundishwe na mwalimu, si na mjomba wa rafiki. Mtu aliyezaliwa baada ya Januari 1, 1985 kwa kawaida haruhusiwi kununua leseni ya uwindaji Montana bila cheti cha mafunzo ya uwindaji, kwa hiyo hatua hiyo naamini ameshaipita, ila mafunzo yale hayamfundishi mtu bastola. Nyumbani, silaha ikiwa tupu na risasi zikiwa chumba kingine, afanye zoezi la kuchomoa, kulenga na kuvuta triga, akiwa amevaa koti na glavu zilezile za kuwindia. Afanye akiwa amepiga magoti, mikono iko chini kama anapasua mnyama. Uwanjani asisimame mita 25 akitoboa karatasi kwa utulivu. Aanzie mita 10, aje mpaka 5, afyatue haraka mara tatu mpaka nne, akilenga chini na katikati, maana dubu anayekimbilia mtu anakuja kichwa kikiwa chini, anaruka-ruka. Fuvu lake limelala kwa mteremko, na anayelenga juu anaweza kuikosa kazi yote. Vizibo vya masikio asivisahau, .44 ikilia chini ya paa la uwanja inaweza kukuharibia masikio moja kwa moja.

Lakini mengi ya haya yanaweza yasihitajike kama mtaendesha vizuri kazi ya nyama. Msiwinde mtu mmoja mmoja. Elki akianguka, mmoja anapasua na mwingine anasimama, mgongo kwa mgongo, macho msituni, mikono ikiwa huru kuchukua silaha. Hapana kupokezana stori. Ondoeni nyama haraka, muisogeze mbali na matumbo, mita mia ikiwezekana, na kama itabidi ilale, iwekeni mahali pa wazi panapoonekana kwa mbali. Mkirudi kesho yake msiendee moja kwa moja. Simameni juu, mtazame kwa darubini. Kunguru wakiwa wanazunguka bila kutua, au mkiona udongo na majani yamerundikwa juu ya nyama, dubu ameshaichukua na yuko karibu amelala. Hapo nyama si yenu tena. Ondokeni, mpige simu kwa maofisa. Nimesikia mzee mmoja akisema hawezi kumwachia mnyama jasho lake. Wala sikubishana naye, nilimuuliza tu ana watoto wangapi.

Na ikitokea dubu amefika mwilini? Grizi anayejihami, kwa mfano jike mwenye watoto, mara nyingi huacha akiona hatari imekwisha: lala kifudifudi, shanta libaki mgongoni, vidole vifungane nyuma ya shingo, miguu iachane kidogo ili asikupindue. Dubu mweusi akikushambulia, pigana naye kwa chochote, lenga pua na macho. Na kwa yeyote kati yao, usikimbie.

Nimefika kwenye karatasi, na hapa naomba kila mhamiaji anayenisoma akae chini. Ukinunua bastola dukani Marekani unajaza fomu ya serikali kuu, na jina lako linapitishwa kwenye ukaguzi. Muuzaji mwenye leseni hakuuzii bastola ukiwa chini ya miaka 21. Wenye makazi ya kudumu wanaruhusiwa. Wenye viza za muda, kama wanafunzi, kwa kawaida wamekatazwa. Upo msamaha kwa mwenye leseni halali ya uwindaji, ila msamaha huo usiutafsiri mwenyewe, mwone mwanasheria wa uhamiaji. Aliyewahi kuhukumiwa kwa kumpiga mwenzi wake, hata kama kosa liliitwa dogo, haruhusiwi. Bangi ni halali Montana kwa watu wazima, lakini fomu yenyewe inaonya kwamba ruhusa ya jimbo haibadilishi kitu: mvutaji akisema havuti, amesema uongo mbele ya serikali kuu. Na kwetu, ambako ndugu kumsaidia ndugu ni desturi, mtu asimtume rafiki mwenye uraia akamnunulie kwa jina lake. Hilo ni kosa kubwa la jinai kwa wote wawili, na kosa la silaha linaweza kukufukuzisha nchini hata ukiwa na kadi ya kijani.

Grizi naye analindwa na sheria tangu 1975. Unaruhusiwa kumuua ukiokoa maisha yako au ya mwenzako, na ni lazima utoe taarifa. Piga simu siku ileile, usimguse, usichukue hata kucha. Kumuua bila sababu hiyo kunaweza kukugharimu faini ya mpaka dola 50,000 na kifungo cha mpaka mwaka mmoja. Uchunguzi utafanyika, watapima umbali, watatafuta maganda. Kumbe hata hapo spre ina faida yake: ukipuliza, wewe na dubu mnarudi nyumbani wote na hakuna anayehojiwa.

Kwa wasomaji wangu wa Tanzania ambao naona mtaniuliza kuhusu nyati: swali lenu ni tofauti. Huko mwindaji mwenye kibali anategemea bunduki nzito, ya .375 na kuendelea, na mtu wa pili mwenye bunduki nyingine nzito nyuma yake. Bastola kwa nyati sitaishauri.

Mdogo wangu, nyumbani una watoto watatu. Kabla bastola haijaingia mlangoni liingie sanduku la chuma lenye kufuli, lililofungwa ukutani au sakafuni, na risasi zikae mahali pengine pamefungwa. Siyo juu ya kabati. Watoto wanajua kila kitu kilicho juu ya kabati. Spre nayo ifungiwe, mtoto wa miaka minne akiifyatua sebuleni mtahama nyumba kwa siku kadhaa.

Msimu wa mishale unaanza Septemba, wa bunduki unafuata mwishoni mwa Oktoba. Kama anataka bastola ya mwaka huu, awe ameinunua ifikapo Juni na miezi ya joto yote iwe ya uwanja wa shabaha. Akikuambia atanunua Oktoba halafu "atazoea hukohuko mlimani", mpe spre mbili, mpe rafiki wa kwenda naye, na hela ya bastola iweke kwa ajili ya mwakani. Na mkikaribia mpaka wa Kanada kutembelea ndugu, bastola ibaki nyumbani: kule sheria zake ni nyingine kabisa, na hawana mchezo.